Meza yangu pale ziwani

Mimi ni karani mwenye suti moja na mudomo murefu. Mugeni akifika Bukavu, ni mimi ninamuambiaka pahali pa kukula samaki na pahali pa kuogelea.

Papa ya muchumba wangu alipotoka Nyangezi kunitembelea, nilimusifia oteli ya wazungu pale ziwani, nikasema niko na meza yangu pale, ninakulaka kila siku ya Mungu. Samaki yake niliikula kweli. Lakini ni ndugu yangu, mupishi wa pale, aliyenipatiaka mabaki kwa dirisha ya nyuma.

Papa akasema, “Twende basi, mutoto wangu.” Nilitumaini suti itatufungulia mulango.

Pale barazani muzungu alituangalia kidogo tu, akatuonyesha kwa kidole njia ya kuzunguka nyuma. Watu kwenye meza waliacha kukula. Tukazunguka.

Ndugu yangu akachungulia dirishani, karatasi ya samaki mukononi, bila kuona niko na nani.

“Leo umechelewa,” akasema. “Imebaki kichwa tu.”

Papa akavua kofia, akapokea kichwa kile kwa mikono mbili, akashukuru. Kisha akaniuliza pole pole, “Na meza yako iko wapi?”