Treni Iliyokataa Kuingia Embu

Watu wa Kibugu wanajua chai, wanajua mvua, na wanajua habari za kila boma. Treni hawaijui. Reli haijawahi kufika Embu wala Meru. Iliyo karibu nasi inapita Sagana ikielekea Karatina na Nanyuki, na ukitaka kuiona lazima ufunge safari, ushuke huko, ungoje. Kwa hiyo mume wangu Ireri alipoanza kuunda treni ndani ya stoo yetu ya mahindi, majirani walisema ana wazimu, nami mkewe nilisema mengi kuliko wao.

Naitwa Igoki, au Mama Ruguru kwa wanaoniheshimu. Nachuma chai yangu mwenyewe na maneno yangu siyazungushi. Ireri ni kinyume changu. Ni fundi wa bati huko Kanja, mtu wa mitaro ya paa, makarai na matangi ya maji, na anaweza kukaa kutwa nzima bila kusema zaidi ya "nipe nyundo". Akishika bati mkononi, lakini, utampenda. Tangi alilolifunga mwaka tuliooana halijavuja hadi leo.

Ugonjwa wake wa treni ulimpata akiwa na miaka tisa. Baba yake alikwenda Sagana kumpokea shemeji yake, akamchukua Ireri pamoja naye. Wakasimama pale stesheni, treni ikaingia ikinguruma, ikasimama, ikaondoka. Basi. Mtoto akarudi nyumbani lakini roho ikabaki kule. Mpaka leo, wanaume wengine wakisema wanakwenda Sagana, wanakwenda kula samaki. Wangu anakwenda kungoja treni ya mizigo, na ikishapita anarudi na njaa yake, anatabasamu kama bwana harusi.

Miaka kumi na minne iliyopita aliamua kuunda yake. Alizungusha rafu ya mbao kwenye kuta za stoo, kimo cha mshipi wa suruali, akapanga juu yake vibao vya mti wa mukima, na juu ya vibao akasimamisha zile kanda nyembamba za chuma za kufungia mizigo. Hizo ndizo reli. Injini ni ya bati, ndefu kama mkono wangu toka kiwiko hadi ncha ya vidole, na ndani yake kuna mota iliyokuwa ikipandisha kioo cha gari la mtu fulani. Nyuma ya injini kuna behewa lililobeba betri ya pikipiki, na kutoka humo waya mrefu unaishia kwenye swichi. Dereva anashika swichi na kutembea kando ya treni yake. Vituo vyote vipo, vimeandikwa kwa rangi: Thika, Murang'a, Sagana, Karatina, Nanyuki.

Na kutoka Sagana ilichepuka reli nyingine, ikavuka daraja la bati hadi kwenye meza iliyo katikati ya stoo. Juu ya meza hiyo aliandika EMBU. Reli hiyo duniani haipo. Ireri aliiweka kwa sababu, alivyoniambia siku moja ambayo maneno yalikuwa yamemzidi, "Mimi nimeifuata treni maisha yangu yote. Nataka mara moja ije kwetu."

Haikuja. Pale Sagana, mahali njia inapogawanyika, watu wa reli hupaita pointi. Treni ikienda moja kwa moja kuelekea Karatina ilipita, ingawa ilijikunakuna. Ikielekezwa Embu ilianguka. Ireri alitazama pointi za kweli kwenye simu yake, akapima, akakata, akaunda upya. Alizivunja na kuziunda mara tisa. Kila mara injini ilifika pale, ikatetemeka, ikalala ubavu. Nami nilikuwa nikipita na debe langu nasema, "Baba Ruguru, hata treni ya bati inajua Embu hakuna reli." Nilicheka kwa miaka kumi na minne. Na nilikuwa nimeitaka ile stoo yangu kwa miaka hiyo hiyo, maana mahindi yangu yalilala sebuleni kama wageni wasioaga.

Mwezi wa nane uliopita akaja Mzee Muthomi dukani Kanja kuagiza mitaro ya nyumba yake. Ni Mmeru wa Nkubu, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Katika mazungumzo ikatoka kwamba ameendesha treni miaka thelathini na moja. Ireri aliacha nyundo, akafunga duka saa nne asubuhi, akamleta nyumbani. Nilipowaona wakiingia getini nilidhani kuna msiba.

Nilipeleka chai stooni ili nami nisikie. Mzee Muthomi alizunguka ukutani kote, mikono nyuma, akisoma vituo kwa sauti. Alifurahi, naapa. Alimwuliza Ireri maswali ya mtu kwa mtu, si ya mzee kwa kichaa. Kisha Ireri akaiendesha hadi Sagana, ikaanguka mahali pake pa siku zote, na Mzee Muthomi akaiokota, akaigeuza chali kama mtu anayemtazama kuku kama ana utitiri.

"Bwana Ireri," akasema, "nani alikuambia mdomo wa gurudumu unakaa nje?"

Ireri akainama kutazama.

"Hii magurudumu yote imegeuka. Gurudumu la treni liko na mdomo, ndiyo, lakini unakaa ndani ya reli, huku kwa katikati. Ukisimama stesheni huwezi kuuona, reli inauficha. Hii yako imekumbatia reli kutoka nje. Kwa njia moja itaenda tu. Lakini kwa pointi lazima ule mdomo uvuke reli ingine, na hauna pa kupitia. Pointi zako ni safi kabisa. Hata za kwanza pengine zilikuwa safi."

Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nililiweka chini.

Magurudumu ya kwanza niliyatengeneza mimi. Miaka ya mwanzo ya ndoa nilikuwa namsaidia dukani, na kazi yangu ilikuwa vifuniko vya matangi. Kifuniko ni duara la bati lenye mdomo, na mdomo unavaa kwa nje ya tangi ili mvua isiingie. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza anayofundishwa fundi wa bati, na niliijua vizuri kuliko sala. Kwa hiyo Ireri aliponiomba siku moja, nikiwa bado na subira, nimtengenezee vifuniko vidogo vidogo vinne vya kuwa magurudumu, nilivilehemu kwenye spoki za baiskeli, ndizo ekseli, mdomo ukiwa nje, bila kufikiri. Yeye akaviweka kama kielelezo na akafuata mkono wangu kwa uaminifu kwa miaka kumi na minne.

Nikamtazama, naye akanitazama. Kisha akamgeukia mgeni wake. "Ni mimi nilikosea," akasema.

Mzee Muthomi alikunywa chai yake, akamsifu sana, akaenda. Ireri alilitandaza turubai juu ya meza ya Embu, akafunga mlango wa stoo. Jioni, tukila, akaniambia bila kuinua macho, "Vincent atakuja Ijumaa. Atabeba yote. Utapata stoo yako."

Vincent ni kijana anayenunua vyuma chakavu kwa kilo. Nilikuwa nimeiomba siku hiyo kwa Mungu, tena nikimtaja Vincent kwa jina. Nilikuwa nimeshapanga magunia yatakaa wapi na kuku wa mayai wataingia lini. Na sasa ilikuwa imekuja, nami nikasukuma sahani yangu kando. Niliona aibu, na aibu yangu huwa haikai sana kabla haijawa hasira. Nilimkasirikia Ireri kwa kunyamaza, nikamkasirikia Muthomi kwa kujua, nikajikasirikia mimi kuliko wote wawili. Mtu ananibebea kosa langu mbele ya mgeni, halafu anavunja kazi yake kimya kimya, na mimi nipokee stoo na kusema asante? Hapana. Sikuzaliwa hivyo.

Kesho yake, Jumatano, nilipeleka majani kwenye kituo cha chai mapema, nikarudi, nikawasha jiko la makaa na kukitia ndani chuma cha kulehemu. Ilikuwa miaka kumi na minne tangu nikishike. Nilianza na injini, magurudumu sita. Unapasha joto ile risasi ya kulehemia hadi ilegee, unalitoa gurudumu kwenye spoki, unaligeuza, unalirudisha pale pale, unalilehemu tena likiwa limesimama wima. Ni rahisi kusema. La kwanza lilikaa kombo kama kofia ya mlevi. La pili nililichoma na kidole changu pamoja nalo. Kufikia la nne mkono ulikumbuka.

Alhamisi niligeuza manane ya behewa la betri na behewa moja la abiria. Ireri alikuwa Kanja, na jioni hakukaribia stoo. Alipita mbali nayo kama mtu anayekwepa nyumba ya anayemdai. Sikumwambia neno, na wanaonijua wataelewa kwamba hilo lilikuwa gumu kuliko kulehemu. Sikuijaribu treni pia. Niliogopa. Kama ingeanguka, nilitaka ianguke mara moja tu, na sisi sote wawili tukiwepo.

Ijumaa saa tano Vincent akafika na mkokoteni wake, Ireri akiwa nyuma yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa stoo, leso imefungwa kiunoni.

"Mama Ruguru, sasa?" Vincent akanisalimia. "Hii mzigo iko wapi?"

"Ngoja kidogo, Vincent. Kuna treni inapita."

Ireri aliniangalia kama mtu asiyeelewa lugha. Sikumpa nafasi ya kuuliza. Niliingia, nikachukua swichi, nikabonyeza. Injini iliondoka Thika. Ilikuwa kimya kuliko zamani, ile kujikunakuna imekwisha, na hapo niliona uso wa Ireri ukibadilika, maana yeye masikio yake yalitangulia macho. Murang'a ikapita. Nilitembea kando yake. Tukafika Sagana. Nilizielekeza pointi upande wa Embu kwa mkono wa kushoto, ule wenye kidole kilichoungua.

Injini ikaingia pointi. Ikapita. Behewa la betri likapita, na la abiria likafuata, taratibu, bila hata kutikisika. Likavuka daraja. Nilivuta turubai mezani kwa pupa nusura niiangushe Embu yote, na treni ikaingia, ikasimama mbele ya jina.

Vincent alipiga makofi. "Wueh! Hii haiendi kwa mizani yangu," akasema, akatoka nje kuuangalia mkokoteni wake, na kwa hilo nitamheshimu daima.

Ireri aliinama, akatazama chini ya injini. "Umeyageuza," akasema.

"Nimeyageuza. Ni mimi niliyekosea tangu mwanzo. Yale manne ya kwanza yalikuwa yangu."

"Najua."

"Kwa nini hukumwambia Muthomi?"

Akainua kichwa, na kwa kweli alionekana kushangaa. "Nimwambie mgeni kwamba mke wangu hajui kazi? Hakuna fundi wa kulehemu kama wewe toka Kanja hadi Runyenjes. Ningemwambiaje?"

Nimeolewa na mtu huyu miaka thelathini na mbili, na nilikuwa nimemcheka kumi na minne kati ya hiyo, na sikuwa najua kwamba ndivyo anavyonihesabu. Nililia pale pale mbele ya Embu. Sikuona haya, wala sioni haya kuyaandika.

Nilipomaliza nilimnyooshea swichi. "Chukua. Ni yako. Ilete mwenyewe."

Hakuipokea. Alizinyoosha reli zisizohitaji kunyooshwa, akakohoa, kisha akasema, "Dereva anatembea nayo. Mimi nimetembea nayo miaka yote. Rudi Thika, Mama Ruguru. Anzia mwanzo. Nataka kuiona ikifika."

Akaenda akasimama upande wa pili wa meza, nyuma ya jina lile, akafunga vifungo vya koti. Niliirudisha treni hadi Thika. Nilipogeuka alikuwa amesimama vile vile, macho yakiwa darajani, mtu wa miaka hamsini na sita aliyekuja kupokea wageni.

Nikabonyeza swichi, nikamletea.