Jua Halilipuki

Nilifundisha jiografia mjini Bunia miaka kumi na minne, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nimechoka. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nasema kwa sababu uchovu wangu ulimharibia msichana mmoja masomo, na kila nikitafuta wa kumtwika lawama najikuta niko peke yangu.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kwisha. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi hamsini na wawili na kitabu kimoja, tena kimeng'oka jalada na sura za mwanzo. Sura ya nyota ilikuwa miongoni mwa zilizopotea. Basi nilifundisha kwa noti nilizonakili nilipokuwa mwanafunzi, ambazo mwalimu wangu naye alizinakili kwa mwalimu wake. Nilisoma, wao wakaandika. Siku ya mtihani walinirudishia maneno yale yale, nami nikawapa pointi. Hakuna aliyeumia kichwa.

Noti zangu zilisema kwamba kila nyota ikifika mwisho wake hulipuka, na Jua letu nalo litalipuka. Mwaka huo niliuliza: Jua litakufaje? Hamsini na mmoja walijibu kwamba litalipuka. Msichana mmoja wa dawati la nyuma aliandika kwamba Jua halilipuki. Litavimba, aliandika, litakuwa jekundu, kisha litaachia gesi yake ya nje polepole kwa maelfu ya miaka. Gesi hiyo itatanda iwe wingu linalong'aa, na katikati patabaki nyota ndogo nyeupe inayopoa. Nikampa sufuri.

Siku ya kurudisha karatasi alisimama kulalamika. Nilikuwa nafundisha kwa Kifaransa na kugombeza kwa Kiswahili, kwa hiyo nilipofungua mdomo darasa zima lilijua mara moja mambo yamekuwaje.

"Hii jibu umetoa wapi?"

"Iko mu ukuta ya kwetu, prof."

"Mu ukuta! Basi mimi niende kulala, ukuta ikuje kufundisha."

Walicheka wakapiga madawati, nami nikacheka nao. Kwa mwalimu aliyechoka, kicheko cha darasa ni chakula. Yeye alibaki amesimama mpaka nilipomwambia akae.

Kengele ya mwisho ilipolia nilimkuta ananisubiri nje ya chumba cha walimu.

"Prof, kuja uone na macho yako. Haiko mbali, ni nyuma ya soko. Nilishaanguka mu masomo mbili. Ya kwako ikikuwa ya tatu, nitarudilia mwaka. Na papa alishasema, nikirudilia, masomo imeisha."

Sikuwa na shughuli yoyote. Nilikuwa na rundo la karatasi kwapani na miguu iliyokuwa inataka kitanda. Nikamwambia kesho. Kesho yake nikamwambia tena kesho. Siku ya tatu hakunisubiri. Wiki iliyofuata walimu tulikaa kupitisha matokeo, na zamu yake ilipofika prefe, mkuu wa shule, aliniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina. Tulikuwa tumebakiza majina mengi na kila mtu alitaka kwenda nyumbani.

Septemba, shule ilipofunguliwa, hakuwepo katika darasa lolote. Hapo ndipo miguu yangu ilipopata nguvu. Nyumba yao ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano.

Nilipokewa na nyanya yake, aliyekuwa akimlea msichana huku baba yake yuko na ng'ombe kule upande wa Djugu. Alinipeleka chumbani kwake. Ukuta wa udongo ulikuwa umefunikwa na kurasa za magazeti ya Kifaransa, alizoletewa na ndugu yake aliyewapikia mapadri, akazigandisha kwa uji wa muhogo. Karibu na kitanda palikuwa na picha ya pete ya gesi, kijani na nyekundu, yenye nukta nyeupe katikati. Ukurasa ulikuwa umebandikwa juu chini.

"Ni mimi nilibandika," mama mzee alisema. "Sijuage kusoma. Mutoto njo yeye aliniambia kama kichwa ya gazeti iko chini. Alikuwa ananikanda miguu, huku anasoma."

Nilipinda shingo mpaka ikauma. Ukurasa ulisema nyota za ukubwa wa Jua hazina uzito wa kulipuka. Zinazolipuka ni zile kubwa mno. Nyingine, moto wa ndani ukikosa cha kuchoma, huachia gesi yao kidogo kidogo, na kiini kinachobaki huiangaza kwa joto lake. Msichana alikuwa ameandika kwa usahihi, kwa maneno yake mwenyewe, jambo ambalo mimi sikuwahi kulifanya. Niliona aibu, aibu ya kweli, mbele ya mama mzee asiyejua nimekuja kufanya nini.

Prefe aliniambia matokeo yalikwisha tiwa sahihi na kupelekwa, hayaguswi tena. Msichana alikuwa mjini Ariwara, kwa shangazi yake, anauza vitambaa sokoni. Likizo ya Pasaka nilipanda lori, siku mbili za mashimo, nikamkuta nyuma ya meza anakunja vitenge. Nilimweleza nikiwa bado nimesimama, vumbi mpaka masikioni: jibu lake lilikuwa sahihi, noti zangu zilikosea, naomba anisamehe.

"Nilijua kama iko sawa, prof. Nilisoma."

"Najua."

"Ulifanya banicheke mbele ya batu makumi tano. Leo unaniambia siye wawili tu."

"Nitaisema mu darasa. Nitasema kama nilikosea."

"Darasa gani?"

Mteja akamuuliza bei, naye akamgeukia. Nilisimama pale nikiwahesabu wenzake wa darasa lile: waliohama na wazazi, walioolewa, walioacha shule, waliopanda darasa na madaftari yangu mikononi. Hamsini na mmoja walifaulu swali langu, na popote walipo leo wanajua kwamba Jua litalipuka.