Blanketi la Papa Évariste

Papa Évariste analinda kanisa pale Malvern, Joburg, nyuma ya Jules Street, na inasemekana mwizi akimwona kwa mbali huvua kofia na kumwamkia. Amewahi kupigana na watatu kwa mkono mmoja, wa pili umeshika chai. Ukimuuliza mwakani watakuwa sita. Kilichomshinda ni kimoja tu: maji baridi. Miaka minne alilikwepa bwawa la ubatizo, na bila ubatizo pasta hakubali kubariki ndoa yake. Mkewe, Mama Hélène, alishashona kitenge cha siku hiyo. Amekipunguza mara moja, amekiongeza mara mbili.

"Maji yakiwa ya moto nitaingia," Évariste aliapa mbele ya waumini wote. Alijua kanisa halina mtungi wa gesi wa kuchemsha bwawa zima.

Mwezi wa sita, Sidney, fundi Mkenya anayesali pale, akaleta pampu ya joto: sanduku jeupe lenye feni, akalifunga ukutani kwa nje.

"Inavuta joto lililo hewani, inalitia majini. Umeme inakula kidogo tu."

"Joto gani, mdogo wangu? Mwezi huu hapa hata moshi unatetemeka."

"Lipo, Papa. Wewe hulioni, yenyewe inaliona."

Mama Hélène alikwenda kupiga pasi kitenge.

Ijumaa maji yakawa vuguvugu. Évariste akachovya kidole, akakosa kisingizio; ubatizo ukapangwa Jumapili. Lakini Jumamosi alasiri ulinzi ukampanda kichwani. Ndani ya pampu mna shaba, na wezi wa Joburg wananusa shaba wakiwa kule mbali Alexandra. Ikiibiwa, Hélène si atasema ameiuza mwenyewe? Akaiviringishia mablanketi mawili, akaikaza kamba kama mzigo wa basi la kwenda Lubumbashi, akaifunika na gunia juu. Mwizi asingeiona. Hewa nayo haikuiona.

Jumapili Sidney aliikuta imeganda barafu. Maji yale, hata samaki angeomba soksi.

"Nani kaifunika?"

"Mimi. Niliificha."

"Papa, hii inapumua. Umeiziba pua."

Pasta akakohoa. "Ndugu Évariste, ulisema maji ya moto. Tungoje mwezi ujao?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa, angeupita bila aibu. Évariste akamtazama Hélène, amekaa mstari wa mbele ndani ya kitenge chake, anatazama mikono yake. Akaanza kufungua kamba za viatu.

"Nimeyapoza mwenyewe," akasema, "nitayaoga mwenyewe."

Sauti iliyomtoka alipozama, robot zote za kuongozea magari Jules Street ziligeuka nyekundu. Waumini wakainua mikono, wakajua Roho ameshuka. Évariste hakuwasahihisha. Meno yalikuwa na shughuli nyingine.

Hélène alimpokea ngazini na blanketi moja la kwenye pampu.

"Lina barafu," Évariste akanong'ona.

"Livae hivyo hivyo," alisema mkewe. "Saa nane unaoa."