Mbwa Wasiobweka wa Ibadakuli

Jumanne asubuhi mke wa rafiki yangu alinipigia simu kutoka Ibadakuli, pembeni mwa mji wa Shinyanga. "Shemeji, mzee ametutoka alfajiri," alisema. Kifua kilikuwa kimemsumbua rafiki yangu tangu masika, kwa hiyo habari yenyewe haikunishtua sana. Kilichonitia ubaridi ni kile nilichokikosa nyuma ya sauti yake. Nyumba ile ina mbwa kumi na wanne. Msiba umeingia, watu wanalia, wageni wanafungua geti, na sikusikia hata mmoja akibweka.

Marehemu alizalisha mbwa na kuwafundisha kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Ujana wake aliumalizia Msumbiji, akitembea nyuma ya mbwa kwenye mashamba ambayo wenyewe waliyakimbia wakati wa vita. Alipostaafu alirudi kwao na majike mawili, akawa analea watoto wa mbwa na kuwapeleka nchi ambazo ardhi yake bado inaua watu. Siku ya kwanza niliyomtembelea nilimkuta uwanjani nyuma ya nyumba, ambako alikuwa amefukia, kwa kibali, vipande vidogo vya baruti na kuviacha wiki kadhaa mpaka harufu ikaungana na udongo. "Shikamoo," nikamwamkia. "Marahaba. Usisogee," akajibu bila kugeuka. Jike wa kijivu alikuwa akienda mbele yake, pua chini, taratibu, kisha ghafla akaketi. Hakubweka, hakukwangua. Aliketi tu, mkia umetulia, akikodolea macho mahali ambapo mimi sikuona kitu, kama aliyeitwa jina lake kutoka chini. Jua lilikuwa la saa sita, lakini vinyweleo vilinisimama. "Anayebweka hafai, na anayefukua ataniua," alinieleza baadaye akimrushia yule jike mpira, ambao ndio zawadi yake. "Nawafundisha kunyamaza tangu wakiwa wadogo."

Mwaka uliofuata nilifuatana naye hadi kijiji kimoja cha wachimbaji huko Geita. Maduara ya zamani, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu kwa baruti, yalikuwa yamefukiwa na watu wamejenga juu yake. Wiki ile mama mmoja alichoma takataka uani, ardhi ikalipuka na kuua mbuzi wake wawili. Mwenyekiti wa kijiji alitoa taarifa polisi, na akamwomba rafiki yangu aje na mbwa. "Baruti na bomu ni ndugu," aliniambia njiani. Yule jike wa kijivu alipita nyumba mbili bila kusimama. Katika nyumba ya tatu, ya bibi mmoja mjane, aliingia chumbani akaketi kando ya kitanda.

Bibi alishikilia mlango. "Mwanangu, hapo nimelala miaka sita. Huyo mbwa ameona nini?" Nje watu walianza kunong'ona kwamba mbwa amemwona marehemu mume wa bibi. Wataalamu wa mabomu waliotumwa na polisi walipofika mchana walipitisha mashine yao sakafuni, mashine haikulia. Mmoja akacheka. "Mzee, mbwa wako amechoka. Mpe maji." Rafiki yangu alimtoa mbwa nje, akamnywesha, akamzungusha kijiji kizima, akamrudisha. Mbwa akaketi palepale. "Bibi halali humu leo," akasema rafiki yangu, na akasimama mlangoni. "Sitoki hapa mpaka mchimbe."

Walichimba polepole, kwa mikono. Urefu wa mkono chini ya sakafu walikuta fungu la baruti limefungwa kwenye nailoni iliyooza, bila kipande cha chuma ambacho mashine ingekisikia. Bibi alikaa chini mavumbini, akasema neno moja tu la Kisukuma: "Wabeja." Ahsante.

Tukiwa njiani kurudi ndipo rafiki yangu aliponieleza. "Msumbiji mbwa wangu aliketi, mashine haikulia. Tulikuwa na haraka. Nikasema mimi mwenyewe, mbwa amechoka. Mwenzangu akapita." Nilielewa kwa nini hata sokoni Shinyanga alitembea akiangalia chini, akiweka mguu pale tu palipokwisha kukanyagwa.

Nchi yetu huku imejaa mashimo, na kila mwaka tunahamia juu ya mengine bila kuuliza kilichoachwa ndani. Tunaowasifu ni wale waliotoa kitu ardhini: dhahabu, almasi, maji. Kazi ya huyu ilikuwa kuzuia jambo lisitokee, na jambo lisilotokea halina picha wala sherehe. Hata mazishini hakuna aliyesimama kusema, mimi niko hai kwa sababu yake, kwa kuwa wengi aliowaokoa hawajui. Mimi nimebaki na hili: alikosea mara moja, kosa likachukua mtu, naye badala ya kulificha akaliacha limfundishe mpaka akawa tayari kuchekwa mbele ya kijiji kizima. Kwa hiyo, msomaji wangu, siku mtu wa namna hiyo atakaposimama mlangoni kwako akuambie usiingie kwanza, na hana cha kukuonyesha, usimcheke. Ngoja.