Sahani za Mlio Mmoja

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Juni, tulipolifungua sanduku la marehemu Babu. Saa hiyo naijua kwa uhakika. Binamu yangu Deo alikuwa amepewa saa ya mkononi siku tatu kabla, na kila jambo lililotokea kwa Bibi kijijini Mwamkulu wiki ile alilitangaza kwa dakika zake, hata kuku alipotaga.

Enzi zetu, katikati ya miaka ya tisini, mtoto wa Mpanda mjini hakupelekwa kwa Bibi kupumzika. Alipelekwa kupura mpunga. Asubuhi tulipura hadi mikono ikawasha, mchana tukala ugali kwa samaki, migebuka iliyokauka ikawa ngumu kama kandambili, jioni tukacheza rede mpaka mpira wa soksi ukafumuka. Siku hizi mtoto anaenda likizo na chaja, na akifika swali lake la kwanza ni soketi iko wapi.

Mpunga ulihitaji nafasi ghalani, ndiyo maana Bibi alitutuma tulitoe lile sanduku. Ndani tulikuta santuri ya kukaza kwa mkono na sahani zake ishirini na sita, nyeusi, nzito, zinazonuka tumbaku na mafuta ya taa. Babu aliwahi kuwa mpishi wa injinia mmoja wa kigeni kwenye mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulipofungwa, injinia aliondoka na mbwa wake, sahani akamwachia mpishi.

Sindano za santuri zilikuwa zimeliwa na kutu. Deo akachuma mwiba wa mgunga, akaunoa kwenye jiwe, akauchomeka mahali pa sindano. Mwiba ukaimba. Ulikuwa muziki wa Wamarekani weusi wa zamani, ridhimu na bluzi, ingawa jina hilo nililijua nikiwa mtu mzima. Siku ile nilisikia gitaa linalokwaruza, saksafoni inayokohoa, na mwanamume anayelalamika kwa sauti ya mtu aliyeibiwa baiskeli. Bibi alikuja mlangoni na ungo mkononi, akasimama mpaka wimbo ukaisha.

Shangazi Skola naye alikuja, lakini yeye aliangalia sahani. Alikuwa ameahidi kupamba harusi Kabungu, na hakuwa na vyombo vya maua.

"Mama, hizi mjini wanazichemsha," alimwambia Bibi. "Zikilainika unazikunja kama chapati, unapata chombo cha maua. Tundu la kutolea maji lenyewe liko tayari katikati!"

"Shangazi, hizi zinaimba!" nikasema.

"Na mimi naimba, Kadia, na hakuna anayenilisha."

Bibi hakucheka. "Mali ya marehemu haichemshwi hivi hivi," alisema. "Nyie watoto, Jumapili ya wiki ijayo, baada ya misa, mtanieleza humo ndani mna nini. Mkishindwa, Skola awashe moto."

Siku hizo nane nilifanya kazi kuliko mtihani wowote niliopata kufanya. Karatasi za katikati ya sahani zilikuwa zimebanduka, kwa hiyo hatukuwa na majina ya waimbaji. Tulizisikiliza moja moja. Nyuma ya kila sahani kulikuwa na wimbo wa pole wa mapenzi, ambao Deo aliukataa, akisema unamaliza miiba bure. Tukabaki na upande wa mbele.

Siku ya Jumatano Deo alisahau kukaza santuri. Wimbo mmoja wa mbio ukaanza kulegea, ukashuka, ukawa wa taratibu, na pale nikasikia jambo lililonisimamisha. Kipande cha gitaa kilichokuwa kinarudiarudia ndani yake kilikuwa kilekile cha wimbo mwingine wa polepole tuliousikia Jumatatu. Nikauchukua ule wa Jumatatu, nikaupiga. Ni kilekile. Nikarudia na zingine zote. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimeandika kwenye daftari kwamba sahani ishirini na sita zina vipande vinne tu vya kurudiarudia, nami nikavipa majina: Bata, kwa mwendo wake, Hodi, kwa sababu kilibisha mara tatu na kungoja, Pampu, na Treni. Sahani tisa zilikuwa za Bata, saba za Hodi, sita za Pampu, nne za Treni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuwa na shaka hata kidogo. Hadi leo sina. Hesabu ile ilikuwa sahihi.

Jumapili Bibi alikaa kwenye kigoda, bado amevaa kitenge cha kanisani. Nilipanga mafungu manne mkekani na kuyaeleza moja baada ya jingine. Deo alikaza santuri na kubadilisha miiba kama mtu wa kazi hiyo. Nilipiga Bata ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bibi alianza kutikisa kichwa kwa mdundo, na nikajua nimeshinda.

"Kumbe kweli," alisema. "Ni kitu kimoja."

"Kimoja, Bibi! Zote tisa ni mlio mmoja."

Shangazi Skola, aliyekuwa ameegemea nguzo, akanyanyuka. "Hebu rudia, mwanangu. Zote tisa ni mlio mmoja?"

"Ndiyo."

"Basi moja inatosha!" Akapiga makofi. "Nyimbo tisa, mlio mmoja! Jamani, yule mzungu aliibiwa hela mchana kweupe."

Watu wote walicheka, Deo akiwemo. Nilijua kwamba amekosea, nikafungua daftari kutafuta jibu. Humo nilikuwa nimeandika zinavyofanana. Zinavyotofautiana sikuwa nimeandika hata mstari mmoja.

"Kadia mwenyewe amesema," Bibi alitoa uamuzi. "Kila fungu libaki na moja. Zingine chukua."

Saa kumi alasiri, kwa saa ya Deo, maji yalichemka. Sahani ishirini na mbili zililainika moja moja na kukunjwa juu ya bakuli, kingo zikawa mawimbi. Sitasema vilikuwa vibaya. Vilikuwa vyombo vizuri sana vya maua.

Jibu lilinijia Jumanne, nikiwa natoka kisimani. Nilisikia mahindi yanatwangwa nyumbani, na kabla sijaona mtu nilijua ni Bibi. Alipopumzika, mchi akaushika mwingine, nikajua ni Shangazi. Kinu kilekile, mchi uleule, mapigo yaleyale, na hakuna mtu wa nyumba ile ambaye angewachanganya. Nilisimama njiani na ndoo kichwani, nikamweleza Bibi yote hayo, kana kwamba yuko mbele yangu, kwa maneno mazuri kabisa, na hapakuwa na mtu wa kunisikia.

Baadaye nilijifunza gitaa mwenyewe, bila mwalimu, kwa sababu ya vipande vile vinne. Nikasoma kwamba wanamuziki wale waliazimana milio bila aibu, kila mmoja akiigeuza kwa mkono wake. Nilipopata simu yenye intaneti nilianza kuzitafuta nyimbo za sahani zilizochemshwa, daftari pembeni, usikivu uleule. Wanangu wana nyimbo maelfu kwenye simu zao na wanaziruka zote kabla ya sekunde ya kumi. Mwanangu mkubwa anasema za zamani zinafanana. Namwambia ndiyo, zinafanana. Sasa kaa chini, tusikilize zinavyotofautiana. Anakaa dakika mbili. Sisi tulikaa siku nane, kwa mwiba.

Kati ya zile ishirini na mbili nimezipata kumi na saba. Tano sijazipata popote, na nimetafuta kwa utaratibu. Harusi ilipokwisha, Shangazi aliuza vyombo vile sokoni Mpanda, kimoja shilingi mia tatu. Kwa bei hiyo, nilichopoteza moja kwa moja ni shilingi elfu moja na mia tano.