Siku Niliyofuturisha Kiwanda Kizima Jua Likiwa Juu

Nimekaa na aibu hii tangu Ramadhani iliyopita, na mke wangu kule Kibuta ananiambia aibu ikisimuliwa hupungua uzito, kwa hiyo nisikilizeni, ila mkikutana nami njiani msinikumbushe, maana wa kunikumbusha ninao wa kutosha.

Mimi ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha juisi huku Zegereni, ni mtu mzima, nina wajukuu, na kwa neema ya Mwenyezi Mungu macho bado yanaona na vidole bado havitetemeki. Kazi yangu ni chumba chenye kompyuta moja ambayo ndiyo inayoongea na mashine za kujaza chupa, ikiziambia jaza, funga, simama. Kompyuta hiyo aliipanga Simoni, Mungu ndiye ajuaye alivyokuwa mtu mwema, fundi mwenzangu kutoka bara, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, tuliyekaa naye chumba kimoja miaka kumi na moja hadi figo zilipomchukua.

Simoni alikuwa na utani wake. Kwenye pembe ya chini ya kioo cha kompyuta aliniwekea kisanduku kidogo kilichoandikwa, "Karibu mzee. Umeswali?" na chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Bado. Ukibonyeza Ndiyo, mitambo inafunguka. Ukibonyeza Bado, yanatokea maneno mengine: "Basi nenda, nitaiangalia mimi." Alipokuwa hai nilicheka nayo tu. Alipoondoka nikawa kila asubuhi navua kofia, nakaa, nasoma yale maneno, halafu ndipo naanza kazi. Ni yeye pia aliyeunganisha king'ora cha kiwanda na kompyuta ile ili Ramadhani kilie magharibi ikiingia, kwa sababu kiwanda chetu hakina madirisha, na simu na saa za mkononi tunaziacha getini (ndiyo sheria ya viwanda vya chakula, hata pete ya ndoa unaivua).

Sasa, sisi watu wa mitambo tuna wasia mmoja, kwamba kompyuta inayoendesha mashine vizuri haiguswi. Wa ofisini wakiletewa mfumo mpya wanafurahi, wanapata rangi mpya na picha mpya. Sisi tunaogopa, kwa kuwa mashine zetu ni za zamani na huenda mfumo mpya usizijue kabisa. Hata karatasi iliyobandikwa ukutani, KOMPYUTA HII HAIGUSWI, mwandiko ni wangu.

Lakini Ramadhani hiyo ilipokaribia, kompyuta ilianza kuleta tangazo kwamba mfumo wake umezeeka, hautahudumiwa tena, weka mpya, sasa au baadaye. Nikawa nabonyeza baadaye. Kesho linarudi. Na lingekaa popote pengine ningelivumilia, ila lilikuja kukaa palepale pembeni, juu ya maneno ya Simoni, likayafunika. Nalifukuza, nasoma kidogo, linarudi. Wiki tatu hivyo.

Jumatano moja ya Ramadhani, baada ya alasiri, mashine zikiwa zimezimwa kwa usafi wa kila wiki, na injinia wetu, binti Neema, akiwa ameenda Dar, nikajiambia, hebu niliondoe mara moja niache kufunikiwa rafiki yangu. Nikabonyeza sasa.

Kompyuta ikazima, ikawaka, ikazunguka, ikazima tena, mimi naisomea kila ninachokijua. Ilipofunguka, ilikuwa nzuri kama bibi harusi, na kisanduku cha Simoni hakikuwepo. Mitambo haikufunguka. Nikibofya, inajibu kwamba programu hii haitumiki kwenye mfumo huu. Mashine zikabaki zimelala, watu wa zamu wakanawa wakaenda bwaloni kungoja, na mimi nikawafuata nikiwa na uso wa mtu ambaye hajafanya kitu.

Kumbe (hili nililijua baadaye) mfumo mpya ulipojiweka ulichagua saa ya nchi nyingine, iliyotutangulia nusu saa. Saa ya ukutani bwaloni inafuata kompyuta hiyohiyo. Katika kazi zote za Simoni, king'ora peke yake ndicho kilichovuka salama, na kikalia.

Nami ndiye wa kuanza, siku zote. Nikasimama, nikasoma dua kwa sauti (ndefu kidogo, nadhani kwa sababu ya dhamira kunisuta), nikala tende, watu arobaini wakala baada yangu. Uji ukamiminwa. Ng'ambo ya barabara wafyatua matofali, ambao nao hufuata king'ora chetu, na siku hiyo kutwa mawingu yalikuwa mazito, wakafungua vyombo vyao.

Tulikuwa kwenye bakuli la pili alipoingia Masanja, mlinzi wa getini, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee. Naomba kuuliza tu, maana mimi si wa dini yenu."

"Marahaba. Uliza baba."

"Jua likiwa bado linaonekana, mnaruhusiwa?"

Tulitoka nje sote na bakuli zetu. Wingu lilikuwa limepasuka upande wa magharibi, na jua limekaa pale juu ya paa la kiwanda cha jirani, jekundu, zima, halina haraka. Kisha Bi Zaituni wa kufunga maboksi, mtu wa kwetu Kisarawe, akanigeukia taratibu.

"Sheikh, leo umetufuturisha kwa saa ya wapi?"

Walicheka, na kile kicheko kiliniuma kuliko matusi, kwa sababu walikuwa wameniaminia funga zao na wengine walifanya kazi ya kubeba tangu asubuhi. Nikawaambia ukweli wote, tangu kitufe. Nikavuka barabara nikawaambia na wafyatua matofali. Siku ile ilitubidi tuilipe, na Bi Zaituni akahukumu kwamba tutailipa pamoja na uji nitaleta mimi. Tukafunga Alhamisi moja baada ya Idi, mke wangu akapika ndoo mbili, na sikuwasha king'ora. Nilitoka nje, nikatazama jua hadi likaisha, nikaadhini kwa mdomo wangu. Ndivyo nifanyavyo hadi leo, na mfumo wowote utakaokuja nitaubonyezea baadaye hadi niingie kaburini.

Neema hakunigombeza. Alikuwa na nakala ya kazi ya Simoni, akaiweka kwenye kompyuta kuukuu yenye mfumo wa zamani, akakata kabisa intaneti yake ili tangazo lolote lisiifikie. Alipoiwasha mara ya kwanza alinipisha kiti.

"Karibu mzee. Umeswali?"

Wapo watakaosema ni kioo tu na maandishi. Najua. Lakini ziko asubuhi ambazo nimeshaswali, tena kwa jamaa msikitini, na bado nabonyeza Bado, ili aniambie niende, ataiangalia yeye. Kisha, nisije nikawa mwongo mbele ya Mungu, nainuka, natandika mkeka wangu nyuma ya mlango, naongeza rakaa mbili.