Lori Langu la Barafu na Chumvi

Naona haya kuusimulia mkasa huu, lakini kwa kuwa nusu ya mtaa wa Hindawiyah, kule Jeddah, walinirekodi kwa simu zao, heri mnisikie mwenyewe.

Nilikuwa karani wa ghala la baridi pale Al-Sulay, Riyadh, na bosi alikuwa ameniahidi usimamizi wa ghala zima mradi mzigo wa mteja mpya wa Jeddah, mwenye mgahawa, ufike salama. Asubuhi ya safari mashine ya kupozea ya lori ikafa. Mwenye akili angempigia bosi simu, lakini mimi (kichwa hiki!) juzi yake nilikuwa nimesoma habari za treni za zamani za Marekani, zilizosafirisha nyama siku kadhaa bila mashine yoyote, kwa barafu tu iliyojazwa kwenye ncha mbili za behewa na kutiwa chumvi ili baridi izidi, huku njiani wakiongeza nyingine kila stesheni. Basi nikawakusanya wapakiaji nikawapa mhadhara, tukapanga makatoni ya nyama ya kondoo katikati, mabonge ya barafu mbele na nyuma, magunia mawili ya chumvi juu, na vitundu vya sakafuni nikaviziba kwa matambara kwa mikono yangu, joto lisipenye.

"Na hii barafu ikiyeyuka, maji itaenda wapi?" akauliza Kariuki, dereva wetu Mkenya.

"Wewe shika usukani, historia niachie mimi."

Wapakiaji walicheka, nami nikajiona profesa. Kila kituo cha mafuta nilinunua barafu nikaitupia ndani upesi kupitia mlango mdogo wa ubavuni, bila hata kuchungulia (si nazuia joto!), na ile baridi ikinipiga usoni namwambia Kariuki, "Umeona?"

Jeddah tulimkuta bosi, aliyetangulia kwa ndege, amesimama na mteja mbele ya mgahawa, nami kwa madaha nikasema, "Bosi, fungua mwenyewe!" Akafungua. Yakamiminika maji ya chumvi na damu, kanzu mbili nyeupe zikalowa hadi magotini, makatoni yaliyolainika kama uji yakafuata, na paja moja la kondoo likateleza mpaka mlangoni kwa kinyozi. Mtaa mzima ukaangua kicheko. Mteja alisema "Halas" tu, yaani biashara imekwisha, akaingia ndani.

Bosi akamgeukia Kariuki, na Kariuki akaeleza yote, pamoja na lile swali lake. Bosi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Profesa," akaniambia, "usimamizi nitampa mtu anayesikiliza."

Tukiwa njiani kurudi nikamalizia kusoma ile habari. Aya iliyofuata ilisema mabehewa yale yalikuwa na mabomba ya kutolea maji, na maji yenyewe ya chumvi yalikuwa yakizila reli kwa kutu. Aya moja tu! Mpaka leo nabisha kwamba nyama ilifika baridi. Ila nimeapa: mtu akiniuliza swali, awe dereva awe mfagizi, namjibu kwanza, kisha ndipo najisifu.